Bibi wa Nyumba ya Miguu

Habari nilipewa kwa simu, na aliyenipa hakunisalimu. Ni mzee mmoja wa Likoni, rafiki yangu wa kutaniana, ambaye umri wake wote wa kazi aliumaliza kwenye feri akishusha na kupandisha milango. Alisema, "Bibi wa Nyumba ya Miguu ametutangulia. Tunazika baada ya alasiri. Ukichelewa kuvuka usilie na mtu," kisha akakata. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilikuwa Kisauni, nimesimama kwenye mjengo nikigombana na vijana wangu juu ya zege, nikawaacha wamalize wapendavyo, jambo ambalo sijapata kulifanya. Nikavaa kanzu, nikavuka. Mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba ukurasa huu nimeutumia zaidi kugomba kuliko kubembeleza. Leo nivumilieni. Marehemu hakuwa jamaa yangu wala jirani yangu. Tulijuana kwa sababu ya nyumba tu, tena nyumba ambayo mimi mwenyewe nilimshauri aibomoe.

Mtu yeyote wa Likoni wa rika langu anaijua Nyumba ya Miguu. Ipo juu ya mwinuko unaotazama mlango wa bandari, na aliyeijenga ni mzungu mmoja, daktari, kabla bendera haijabadilishwa. Mimi niliikuta, nilipotoka huko nyuma ya Kaloleni kijana sina viatu, darasa la tatu limenishinda, nikaingia kubeba karai kwenye mijengo ya watu. Nyumba nyingine zote pale zilikuwa zimekaa chini kama nyumba zinavyokaa, na mapaa yameinama ili mvua ijue njia. Hii ilisimama juu ya nguzo nyembamba za zege mfano wa korongo. Chini hewa tupu, juu sanduku refu jeupe lenye paa bapa kama meza, na upande wa baharini mbavu za zege zimepangwa mbele ya madirisha kuzuia jua. Wabeba karai wenzangu walisema mzungu alijenga ghorofa akasahau nyumba ya chini. Wengine walisema pesa zilikuwa haba, akaanzia juu ili majirani wasimjue. Tulicheka mpaka karai zikamwagika. Nami niliapa kwamba siku nikipata changu, nitajenga kitu kinachogusa ardhi. Nilipata, alhamdulillahi, na nimejenga: nyumba za kupangisha Kisauni, Bamburi, hadi Changamwe kule kwenye matangi ya mafuta. Zote zinagusa ardhi, tena hazikuiachia ardhi hata shubiri moja ya kupumulia.

Daktari alipoondoka, nyumba ilinunuliwa na mume wa marehemu, karani wa bandarini, mtu wa ukoo wa Likoni wa tangu na tangu. Bibi alipanda ngazi zile akiwa bi harusi. Aliniambia siku za mwanzo alijiona kama bidhaa dukani, vioo kila upande na kila meli inayoingia inamtazama, basi akatundika mapazia mazito. Mumewe naye akaona wageni wanakuja, wanasimama chini ya nyumba baina ya nguzo, hawajui waketi wapi. Akamwita fundi, akajengewa baraza: benchi pana la mawe na chokaa, toka nguzo hadi nguzo, ubavuni mwa mlango wa ngazi. Sisi watu wa pwani tunaona nyumba isiyo na baraza ni kama mtu asiyeitikia salamu. Mwanamume amekuja na neno dogo tu kwa mwenye nyumba, na ndani mna wanawake wamejinyoosha. Atapokelewa wapi, juani? Basi sanduku la daktari likapata baraza, na tangu hapo kila baada ya alasiri halikukosa watu. Kahawa ikishuka kwa ngazi, maneno yakipanda. Bibi aliketi juu dirishani, haonekani, lakini kila ugomvi wa mtaa aliujua kabla ya mwenyewe.

Mume akafa, watoto wakatawanyika, na mwanawe mkubwa aliyeko Nairobi akataka kiwanja kiuzwe kwa watu wa ghorofa. Simlaumu. Nilikuwa upande wake, na mnunuzi mmojawapo alikuwa ameshaniuliza kama nitaisimamia kazi. Nilikwenda kwa bibi nikamwambia uso kwa uso, maana sijui kuzunguka, "Bi mkubwa, hii nyumba imeng'oka meno. Vyuma vimevimba ndani ya zege, paa linavuja. Bomoa, inuliwe ghorofa nane, wewe kaa ya chini ule kodi yako kwa raha."

"Fundi," akaanza.

"Si fundi tena, mama. Siku hizi ni kontrakta."

"Kontrakta ni fundi aliyeota kitambi," akasema. "Sasa nijibu. Na mimi nimeng'oka meno. Wanangu waniinue ghorofa nane?"

Nikanywa kahawa yake nikaondoka. Lakini maneno matamu hayazuii tingatinga, naye alilijua hilo. Nyumba ilikuwa ya urithi, na watoto wakikubaliana, yeye peke yake angeshika nini? Wokovu ulikuja kwa njia ambayo mimi nisingeibashiri. Wakatokea wataalamu wa majengo wakasema nyumba zilizojengwa kwa mtindo ule zinavunjwa moja baada ya nyingine, na hii ni miongoni mwa zilizobaki nzima. Wakasema ikifunguliwa kwa wageni, halafu ikaandikishwa kuwa ya kulindwa, hakuna mtoto wala kontrakta atakayeigusa. Bibi aliwakubalia kabla hawajamaliza kahawa. Jumamosi ikawa siku ya ziara.

Nami nilikwenda Jumamosi moja, na nia yangu ilikuwa kucheka. Palikuwa na wanafunzi wa uchoraji wa majengo, familia moja ya Nyali waliovaa kama wanakwenda arusi, na binti mmoja mtaalamu aliyewaongoza. Mwezi ulikuwa wa Februari, ile Februari yetu inayokausha hata mate. Tulipanda ngazi, tukasimama kwenye chumba kirefu cha mbele ambacho sikupata kuingia, kwa kuwa miaka yote nilipokelewa chini. Binti anaeleza, mimi nasubiri jasho linitiririke ili nipate la kusema. Halikutiririka. Shati lilikauka mgongoni. Hakuna feni, hakuna mashine yoyote, na upepo unapita kama una miadi: unaingia kutoka baharini baina ya zile mbavu za zege, unavuka chumba, unatokea ukuta wa nyuma uliojengwa kwa matofali ya matundu. Na sehemu yake nyingine inapita chini, baina ya miguu, ikipoza sakafu. Nimejenga vyumba vingi mno, na hakuna hata kimoja ambacho mpangaji anakaa Februari bila feni. Yule daktari hakusahau nyumba ya chini. Aliuachia upepo. Nilisimama pale, nimeguswa pabaya, na ninyi mnajua si kawaida yangu kuguswa.

Bibi mwenyewe alikaa kwenye kiti pembeni, amejitanda leso, akimwacha binti aseme yake na yeye akijazia. Binti akisema, "Hapa ndipo daktari alipokuwa akisomea," bibi anadakia, "Na hapa ndipo nilipomzaa wa tatu, mkunga amekwama ng'ambo." Mwanafunzi mmoja, kijana wa kamera, akamwomba kwa adabu kama anaweza kushusha mapazia kidogo tu, ili nyumba ionekane vile ilivyokusudiwa.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "hayo ndiyo nguo zake. Na mimi nikikuomba ushushe suruali kidogo tu, nione ulivyokusudiwa?"

Chumba kizima kilicheka, na kijana akacheka kuliko wote. Kabla hawajashuka, kila mmoja aliulizwa kama amekula, na aliyesema ndiyo hakuaminiwa.

Shida ilikuja na lile baraza. Yule binti ndiye aliyetumwa kusema, na alisema vizuri. Nilikuwapo, alitoa shikamoo, akaketi mkekani karibu na miguu ya bibi. Akaeleza kwamba nyumba haiwezi kuandikishwa mpaka irudi kama mchoro ulivyokuwa, na chini ya nyumba mchoro haukuwa na kitu ila nguzo. "Bibi, baraza linaifanya nyumba ionekane imekaa. Nayo ilichorwa isimame."

"Na watu wangu nao wasimame?"

"Tutaleta viti, bibi. Siku za ziara."

"Kiti humpa uliyemwalika," bibi akasema. "Baraza ni la yule usiyemwalika."

Binti akainamisha kichwa. Sharti halikuwa lake, na lilikuwa na maana yake pia. Nilishaonja ule upepo wa chini, na kweli baraza liliukata. Lakini bibi ndiye aliyeshikwa pande mbili. Akilibakiza baraza, nyumba haitalindwa, na siku yoyote mwanawe anaweza kuleta tingatinga. Akilivunja, nyumba itabaki, na wale wazee waliokaa pale tangu mumewe yu hai hawatakuwa na pa kuketi. Akaomba muda wa kufikiri.

Aliponiita nilidhani ameamua kuuza. Nilimkuta amesimama nje ya geti, kandokando ya njia, anaupigapiga ukuta wa ua kwa fimbo. "La ndani livunje," akaniambia. "Mawe yake yalete hapa, unijengee jingine nje ya ukuta. Huku njiani hakuna mchoro wa mtu." Kazi ile sikumwachia kijana yeyote. Nilivua saa, nikakunja mikono ya kanzu, nikashika mwiko ambao sikuwa nimeushika kwa miaka. Nikayahamisha mawe yale yale, nikayapanga, nikapiga chokaa, nikatia paa dogo la makuti. Nasema bila haya kwamba lilitoka zuri kuliko la kwanza, na upana wake mtu aliweza kujilaza.

Wazee wakaja, wakalitazama, wakalisifu, wakaenda zao. Siku ya pili vivyo hivyo. Nilimfuata yule rafiki yangu wa feri nikamuuliza ana maradhi gani ya makalio.

"Makalio mazima," akasema. "Lakini hili si baraza, yakhe. Baraza lisilo na mlango nyuma yake ni stendi ya basi."

"Mlango? Nitakuchorea mmoja hapo ukutani kwa rangi."

"Chora. Na umchore na mtu wa kuniambia karibu."

Nilikasirika kama mtu anavyokasirika akiambiwa kweli. Kwenye baraza la zamani uliupa mgongo ukuta wenye watu. Ulikohoa, ukasikiwa; ulikosekana, ukauliziwa. Huku nje wangekuwa watu watatu wanaotazama magari. Basi wazee wakatawanyika, huyu kwenye televisheni ya mkahawani, huyu kitandani, huyu kwa mtoto wake Bamburi ambako hajui hata jina la jirani. Nyumba ikaandikishwa, ikapigwa picha, na picha zilikuwa nzuri sana. Nilipopita kumpa bibi hongera, alinijibu kwa sauti ndogo, "Imesimama kama walivyotaka, fundi. Imesimama kama askari."

Sasa sikilizeni alichofanya, maana ndicho kilichonifanya niandike. Baraza la nje kwetu ni la wanaume. Mwanamke, tena wa heshima yake na umri wake, ana uani kwake na ukumbi wake; hakai njiani. Siku moja baada ya alasiri yule bibi alishuka ngazi, amevaa buibui, ameshika dele la kahawa mkono huu na fimbo mkono huu, akapita getini, akaketi peke yake juu ya baraza langu. Malori yanapita, pikipiki zinapita, na yeye kakaa wima kama yuko mbele ya kadhi. Habari zikafika Nairobi kabla kahawa haijapoa. Mwanawe akapiga simu, "Mama, watu watasema hatukutunzi." Akamjibu, "Waache waje waseme. Wakija wataketi."

Wa kwanza kuja ni mtu wa feri. Hakuwa na njia nyingine. Utampitaje mama wa watu amekaa peke yake njiani bila kumwamkia?

"Shikamoo, bibi. Mbona uko nje?"

"Marahaba. Si mlikuwa mnatafuta mlango? Basi umewafuata."

Aliniambia alisimama pale akatazama chini, halafu akakaa. Kesho yake wakawa wengi. Kisha likatokea ambalo la zamani halikuwa nalo: kwa sababu mwenyeji alikuwa mwanamke, wanawake nao wakaketi. Muuza maandazi akatua beseni lake. Wanafunzi waliosubiri zamu ya ziara wakaambiwa karibu. Vijana wa bodaboda kutoka bara, na kile Kiswahili chao cha kukatakata, walifundishwa pale kwamba mtu haanzi na "niaje", anaanza na salamu. Na hata wale wageni wa Jumamosi, hakuna aliyepanda kuona nguzo wala mbavu kabla hajaketi akaulizwa kwao wapi. Miaka yake ya mwisho ilikwenda hivyo, mpaka miguu ilipokataa kushuka.

Mimi ni mjenzi. Sikusoma, lakini mji huu nimeuinua kwa mikono yangu, nina haki ya kusema juu yake. Zamani ukijenga Mombasa, fundi alikuuliza mlango utazame wapi na baraza likae upande gani, ndipo akauliza vyumba vingapi. Siku hizi hakuna anayeuliza. Baraza linakula ardhi, na ardhi ni ya kupangisha. Tunaweka geti la chuma, mlinzi, na kibao cha kusema usiegeshe gari hapa. Nimezijenga nyumba za namna hiyo na bado nazijenga, na mtu akiniambia ni mbaya nitamwonyesha maji yanayotoka bombani na choo kinachofanya kazi, vitu ambavyo mimi sikuvikuta nilipofika. Sizitukani. Nasema tu kwamba ndani yake mtu anaweza kuumwa wiki nzima na wa kwanza kujua akawa yule anayefuata kodi. Daktari mzungu aliwaza upepo, akaupata. Karani wa bandari aliwaza watu, akawapata. Mimi niliwaza ardhi.

Kwenye maziko njia ilifungwa na watu. Baada ya tanga kuanuliwa, mwanawe mkubwa alinitafuta, akanikuta nimesimama getini. Ni mtu mwema, mwembamba, ana miwani na macho ya mama yake. Akaniambia nyumba itabaki, hana nguvu ya kuigusa tena na hana nia, ziara za Jumamosi zitaendelea. Kisha akalitazama lile baraza, ambalo watu walikuwa wamelijaza siku zote tatu na sasa walikuwa wakiinuka mmoja mmoja kuaga.

"Mzee," akasema, "kukaa pale kunarithiwa?"

"Hakurithiwi," nikamwambia. "Kunaanzwa."

Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Kesho yake alirudi Nairobi, kazi ikimngoja. Jumamosi iliyofuata nilipita. Wageni walishuka kwenye gari, wakafunguliwa geti, wakapanda moja kwa moja. Nyumba ni nzuri, nendeni mkaione, na msimame pale mbele mhisi upepo ule. Barazani hapakuwa na mtu. Mzee wa feri alikuja akasimama kando yangu, tukatazama magari, hakuna aliyemwambia mwenzake kaa, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mwenyeji pale.

Nilirudi Kisauni na jibu nililompa yule bwana likinikera, maana maneno ukiyatoa kwa mwenzio hurudi kukuuliza wewe umeanza lini. Basi siku hizi, jua likilegea, natoa kiti nje ya geti la jengo langu, na benchi pembeni yake. Juma la kwanza wapangaji wangu walinipita wakitembea upesi; walidhani nimekuja kudai kodi, na mmoja alinilipa pale pale bila kuulizwa. Wengine wamemuuliza mlinzi kama mzee amekosana na mkewe. Juzi mama mmoja wa ghorofa ya tatu, ambaye nimempangisha muda mrefu bila kumjua zaidi ya mlango wake, alirudi kutoka sokoni Kongowea na mizigo imemwelemea, akatua kwenye benchi apumzike. Nikamwamkia, nikamuuliza kwao wapi. Akanitazama kwa mashaka, kisha akanijibu, tukazungumza hadi adhana. Aliponyanyuka alisema hakujua kwamba mimi huzungumza.

Wanangu mnaojenga, na ninyi mnaopanga, na ninyi mnaorithi, hili ndilo nililojifunza uzeeni kwa mwanamke aliyeniita fundi mpaka kufa: jengo lolote, la daktari au la kontrakta, litakuwa nyumba siku mwenyewe atakapotoka nje akakaa mahali ambapo mpita njia anaweza kumsalimu. Mungu amlaze pema bibi yule.